Mgawo wa wachezaji Marekani na foleni ya usajili inayoiumiza Mara

Na Mwandishi Wetu, Musoma

DIRISHA dogo la usajili la msimu wa 2021/22 lilipofunguliwa, Yanga ilimchukua winga kijana wa Biashara United ya Musoma, Denis Nkane. Msimu ulipomalizika, Wanajangwani walitwaa ubingwa wa Ligi Kuu Tanzania Bara bila kupoteza mchezo hata mmoja. Biashara ilishuka daraja.

Si haki kusema timu hiyo ilishuka kwa sababu ya mchezaji mmoja. Ilikuwa na matatizo mengine, na wapenzi wa soka wanaokwenda Uwanja wa Karume wanayafahamu. Oktoba 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli mabao 2-0 jijini Dar es Salaam katika Kombe la Shirikisho Afrika, lakini safari ya Libya kwa mchezo wa marudiano ikashindikana na Biashara ikaondolewa mashindanoni. Hata hivyo, usajili wa Nkane unaonyesha jinsi foleni ya wachezaji ilivyopangwa nchini: mwenye fedha huchagua kwanza, wengine huchagua katika mabaki.

Marekani foleni hiyo imegeuzwa. Ligi kuu ya soka ya huko, MLS, huendesha kila mwaka mgawo wa wachezaji wanaotoka vyuo vikuu. Timu mpya katika ligi hutangulia kuchagua, zikifuatiwa na zile zilizofanya vibaya msimu uliopita. Bingwa husubiri mwisho wa mstari. Wenyewe huuita drafti, neno ambalo vijiweni kwetu ni mchezo wa vizibo vya soda.

Watanzania waliufahamu utaratibu huo kupitia mpira wa kikapu, pale Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009 akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut. Katika soka, Mkenya Philip Mayaka wa Chuo Kikuu cha Clemson alichaguliwa wa tatu na Colorado Rapids mwaka 2021. Clint Dempsey, aliyekuja kuwa nahodha wa Marekani, alipitia mlango huo huo mwaka 2004.

Kwa msomaji wa Musoma, mpango huo unavutia. Baada ya Mtibwa Sugar ya Morogoro kutwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000, taji la Bara halikutoka tena Dar es Salaam hadi msimu wa 2024/25. Lilizunguka kati ya Simba, Yanga na, mara moja tu, Azam. Biashara iliyoshika nafasi ya nne msimu wa 2020/21 ilikuwa nje ya Ligi Kuu mwaka mmoja baadaye. Mwaka 2024 ilifika hatua ya mchujo wa kurejea, ikakwama mbele ya Tabora United.

Lakini mgawo wa Marekani unasimama juu ya nguzo ambazo sisi hatuna. Kule chuo kikuu humpa kijana ufadhili wa masomo, chakula, malazi, kocha na ratiba ya mashindano, kisha humtoa akiwa na umri wa miaka 21 au 22. Hapa kipaji huonekana mapema zaidi, katika UMITASHUMTA na UMISSETA. Kijana wa Bunda anayecheza vizuri hasubiri shahada. Mtu humfuata akiwa bado na sare ya shule. Butiama imepewa chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere, na hilo ni jambo kubwa kwa mkoa, lakini hakuna anayetarajia kitoe washambuliaji.

Tatizo jingine ni la mkataba. Mchezaji wa MLS huingia mkataba na ligi yenyewe, ndiyo maana ligi inaweza kumgawa. Mchezaji wa Tanzania huingia mkataba na klabu. Kumwambia kijana wa Butiama kwamba ataajiriwa Songea apende asipende ni kumnyang'anya haki ya kuchagua mwajiri wake. Wamarekani wenyewe wameanza kuliona hilo. Ligi yao ya wanawake, NWSL, ilifuta mgawo wa vyuo mwaka 2024 katika makubaliano mapya na chama cha wachezaji. Mabinti wa Bunda Queens, waliocheza Ligi Kuu ya Wanawake msimu wa 2023/24, wasingefaidika na kitu ambacho wenzao wamekipigania kiondoke.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kinachofaa kuangaliwa ni malipo ya aliyemlea mchezaji, kabla hata ya kufikiria nani achague kwanza. Kanuni za FIFA zinatambua fidia ya mafunzo kwa klabu zilizomfundisha mchezaji kuanzia umri wa miaka 12 hadi 21, na asilimia tano ya ada ya uhamisho wa kimataifa hugawanywa kwa klabu zilizomlea. Kanuni hizo hizo zinataka kila shirikisho liwe na utaratibu wa kuzilipa klabu hizo katika uhamisho wa ndani ya nchi.

Neno muhimu hapo ni klabu. Shule ya sekondari si klabu. Kijana aliyechezea shule yake tu hadi miaka 18, kisha akasajiliwa moja kwa moja Dar es Salaam, huondoka Mara bila jina la timu yoyote ya mkoa katika kumbukumbu zake. Hata akiuzwa ng'ambo baadaye, hakuna wa kudai chochote Musoma, Bunda wala Butiama.

Mkataba wa haki za televisheni kati ya TFF na Azam Media, uliosainiwa mwaka 2021, ulikuwa wa Sh225.6 bilioni kwa miaka kumi. Kusajili timu za vijana za kata katika vyama vya soka vya wilaya, na kumwandikia kila mtoto kadi kabla hajapanda basi la UMISSETA, hakuhitaji hata chembe ya fedha hizo. Kunahitaji katibu mwenye daftari, na afanye kazi hiyo kabla wakala hajafika uwanjani.