Nywele Mpya, Mgonjwa wa Nani?

Siku ya tatu au ya nne baada ya kupandikizwa nywele, uso huvimba. Maji yaliyodungwa kichwani pamoja na dawa ya ganzi hushuka taratibu kwenye paji la uso hadi machoni, na wapo wanaoamka asubuhi kope hazifunguki. Kwa kawaida uvimbe huo huisha wenyewe. Lakini kwa aliyeifuata huduma hii Istanbul, siku ya nne mara nyingi humkuta ameshatua nyumbani, akiwa na chupa ya shampuu, vidonge vya antibayotiki na namba ya WhatsApp ya mkalimani.

Istanbul ndiyo mji unaotajwa kwanza duniani kwa biashara hii, na ndege huenda huko moja kwa moja kutoka Dar es Salaam na Nairobi. Kifurushi cha kawaida kina usiku mbili tatu za hoteli, usafiri wa uwanja wa ndege, upasuaji wa siku moja na kuoshwa kichwa kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo mteja anaaga. Tatizo liko hapo: kinachouzwa ni siku tatu, ilhali kupona huchukua takriban mwaka mzima.

Msingi wa tiba yenyewe ni imara. Daktari Norman Orentreich wa New York aliianza kazi hii mwaka 1952, akaonyesha kwamba shina la nywele lililotoka kisogoni hubaki na tabia yake ya kisogoni hata likihamishiwa penye upara. Leo mashina mengi hung'olewa moja moja kwa kifaa chenye mdomo wa milimita moja au chini yake, kisha hupandwa kwenye vitundu vidogo vilivyotobolewa mbele au utosini. Shina lililong'olewa haliachi jingine nyuma yake. Kisogo kikivunwa kupita kiasi hubaki na mabaka, na hakuna pa kukopa tena.

Siku kumi za kwanza mashina hayajashika vizuri. Mgonjwa hulala kichwa kikiwa juu, haruhusiwi kukuna wala kubeba mizigo, na sigara huiacha kabisa kwa sababu hupunguza damu inayofika kwenye ngozi. Vigaga vikishaanguka, huja jambo linalowatia watu hofu kuliko yote: kati ya wiki ya pili na ya nane, nywele zilizopandwa hunyonyoka karibu zote. Ndivyo inavyotarajiwa, maana shina limebaki ndani. Nywele mpya huchomoza mwezi wa tatu au wa nne, na sura kamili huonekana baada ya miezi 12, wakati mwingine zaidi.

Katika kusubiri huko ndipo daktari anapohitajika. Vipele vichache vinavyotokea nywele zikianza kuchomoza ni vya kawaida. Usaha unaosambaa na homa si kawaida. Ngozi inayogeuka nyeusi na kukauka katikati ya eneo lililopandwa huenda imekosa damu na inakufa, na picha ya simu iliyotumwa kwa mkalimani haiwezi kuitibu.

Kwa mtu mwenye nywele za kipilipili hatari ni kubwa zaidi, na matangazo mengi hayaigusi. Shina la nywele hizi limejipinda hata chini ya ngozi, hivyo kifaa kilichonyooka mikononi mwa asiyezizoea hulikata kabla halijatoka. Wenye ngozi nyeusi pia hupata keloidi, yaani makovu yanayovimba, kwa urahisi zaidi. Mwanamume anayesumbuliwa na vipele sugu vya kisogoni, vile vinavyochokozwa na mashine ya kinyozi, ana ugonjwa mahali hasa panapotakiwa kuvunwa. Kwa wanawake, upara unaoanzia utosini na kutanuka unaweza kuwa ugonjwa unaoacha kovu. Ukiwa bado unaendelea, nywele zitakazopandwa hapo nazo zitakufa. Lazima utulizwe kwanza, na pengine kipande cha ngozi kipimwe maabara. Uamuzi huo haufanywi kwa kutazama picha.

Vifo ni nadra, lakini vipo. Machi 2019 mfanyabiashara mmoja wa Mumbai, India, alifariki siku chache baada ya kupandikizwa mashina zaidi ya 9,000 katika kikao kimoja. Madaktari waliompokea walishuku mzio mkali. Jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa fani hii, ISHRS, imekuwa ikionya kwa miaka kadhaa kuhusu kliniki ambako daktari huonekana kwenye picha tu huku kukata na kutoboa kukifanywa na watu wasio na leseni.

Kuwazuia watu wasisafiri si jibu. Istanbul ina madaktari hodari, bei zake ni nafuu kuliko Ulaya, na upara unaweza kumnyima mtu raha kweli. Mwanasoka wa Uingereza Wayne Rooney alitangaza hadharani mwaka 2011, akiwa na miaka 25, kwamba amepandikizwa, na baadaye akarudia. Upara huendelea kusonga nyuma ya nywele zilizopandwa, ndiyo maana mgonjwa huhitaji daktari atakayeendelea kumwona.

Mabaraza ya madaktari ya Tanzania na Kenya hayana mamlaka juu ya kliniki ya Uturuki, lakini wakala anayetafuta wateja Dar es Salaam au Nairobi yuko ndani ya nchi, na sheria inaweza kumfikia. Alazimishwe kumkabidhi mteja, kwa maandishi, jina na leseni ya mpasuaji, na baadaye ripoti yenye idadi ya mashina yaliyohamishwa na dawa zilizotumika, ili daktari wa nyumbani asipokee kidonda asichojua historia yake. Hadi hapo, wakala asiyeweza kumtaja atakayeshika kisu, na atakayemwona mgonjwa mwezi wa pili, asipewe hata malipo ya awali.