Mtaka Utukufu Sharti Ainame

Barua iliyonifikia juma hili imetoka katika kijiji kimoja cha uwanda wa juu wa Ufipa, si mbali sana na mji wa Sumbawanga. Mwandishi wake ni mama wa watoto watano, na hakuficha neno. Mwanawe wa kwanza alimaliza kidato cha nne baada ya baba kuuza ng'ombe wawili. Kisha alipata kazi dukani huko Mbeya, akawa akituma fedha nyumbani kila mwezi, na wadogo zake wakasoma kwa fedha hizo. Sasa, pasipo kushauriana na mtu, ameiacha kazi na kurudi kijijini. Asema ameitwa kuwa mfuasi wa Kristo kwa maisha yake yote. Ataka kuwa katekista. Tangu siku hiyo baba yake hasemi naye. Chakula kiivapo baba hula kwanza na kuondoka, ndipo kijana huja kula peke yake.

Mama huyo anauliza: "Mimi ni Mkristo tangu utoto wangu. Kila siku nilimwomba Mungu mwanangu awe mtu wa kutukuka. Je, nilikosea kuomba hivyo?"

Najua kwamba ukurasa huu husomwa na watu wa dini zote, na wengine hawana dini. Naomba waniwie radhi leo nikimjibu mama huyu kwa Maandiko aliyolelewa nayo. Hata hivyo, mzazi yeyote aliyewahi kumsomesha mtoto na kisha kumwona akishika njia nyingine hatakosa la kwake katika maneno haya.

Jambo la kwanza la kumwambia mama ni kwamba yeye si wa kwanza kuomba hivyo. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, tunasoma habari za mama mmoja, mke wa mvuvi aitwaye Zebedayo. Wanawe wawili, Yakobo na Yohane, walikuwa wameacha nyavu na mashua ya baba yao ili wamfuate Yesu. Mama yao alimwendea Yesu, akapiga magoti na kumwomba kwamba atakapotawala, mmoja aketi kuume kwake na mwingine kushoto. Mama gani asiyeielewa haja hiyo? Nyumba imewapoteza vijana wawili wenye nguvu. Basi angalau hasara ilipwe kwa cheo.

Yesu hakumkemea. Aliwageukia wale vijana, akawauliza kama wangeweza kukinywea kikombe atakachokinywea yeye. Wakajibu upesi, kama vijana wajibuvyo, kwamba wanaweza. Akawaambia kwamba kikombe hicho watakinywa kweli, bali kuketi kuume na kushoto kwake ni kwa wale waliowekewa na Baba. Kisha akawaita wanafunzi wote kumi na wawili, akawafundisha kwamba kwao mkubwa atakuwa mtumishi, na wa kwanza atakuwa mtumwa.

Wengi wetu huishia hapo tusomapo. Lakini Mathayo hakumsahau mama yule. Katika sura ya 27 anasimulia Yesu alivyosulubiwa, na anatutajia waliokuwa kuume na kushoto kwake: wanyang'anyi wawili. Aya chache mbele anawataja wanawake waliosimama kwa mbali wakitazama, na miongoni mwao yumo mama wa wana wa Zebedayo. Fikiri, ndugu msomaji, moyo wake ulikuwaje saa ile. Alikuwa ameomba nafasi mbili zile kwa ajili ya watoto wake, na sasa aliona kwa macho yake ni nafasi za namna gani. Hata hivyo hakukimbia. Wanaume wengi walikuwa wamekimbia, yeye alibaki. Mama aliyekwenda kuomba vyeo alikuwa amekwisha kuwa mwanafunzi yeye mwenyewe.

Wanawe walikinywa kikombe chao. Yakobo aliuawa kwa upanga kwa amri ya Herode, kama isimuliavyo sura ya 12 ya Matendo ya Mitume. Yohane wa kitabu cha Ufunuo, ambaye mapokeo ya kale ya Kanisa yasema kuwa ndiye mwana wa Zebedayo, alikuwa katika kisiwa cha Patmo, katika dhiki kwa ajili ya imani yake. Leo Wakristo wa dunia nzima huwapa watoto wao majina hayo mawili.

Basi utukufu ni nini? Katika lugha ya Kiebrania, ambayo kwayo Agano la Kale liliandikwa, neno la utukufu limetokana na neno lenye maana ya uzito. Wanawake wa Ufipa wanaopepeta ulezi wataielewa maana hiyo upesi. Upepo wa uwanda wa juu hupeperusha makapi, nazo punje hurudi ungoni kwa sababu zina uzito. Sifa za watu ni makapi: huruka juu sana, zikaonekana kutoka mbali, na jioni hazipo. Utukufu ni kile kibakiacho mtu akipepetwa. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi, katika sura ya 8, kwamba sisi tu warithi pamoja na Kristo, na kwamba tukiteswa pamoja naye tutatukuzwa pamoja naye. Hakuyatenga mambo hayo mawili, wala hakusema kwamba mateso ni mema kwa nafsi yake. Alisema "pamoja naye". Neno zima limo katika huko kuwa pamoja: mwanafunzi huenda aendako mwalimu, na mwishowe hufika afikako mwalimu.

Wafipa wana shule ya jambo hili mashambani mwao. Mvua zikaribiapo kwisha, mkulima hukata udongo pamoja na majani yake kwa jembe, akayafunika majani chini na kuvijenga vile vilima vya mviringo viitwavyo ntumba. Mgeni apitaye njiani huona vilima vitupu, akadhani kwamba kazi imeharibika. Ndani yake majani yanaoza, na kuoza kwake ndiko kunakoirutubisha ardhi. Msimu ufuatao vilima husambazwa na ulezi hupandwa. Asiyekubali kuyafukia majani mabichi hatavuna kitu katika ardhi ile. Ndivyo ulivyo ufuasi: kitu kizuri hufukiwa kwa muda, na aliyekifukia hana budi kungoja.

Kungoja huko kulikuwamo katika mafundisho ya imani tangu mwanzo wake katika sehemu hizi. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee huwaita Mapadri Weupe, walikabidhiwa ngome ya Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa ameagiza kwamba mtu mzima atakaye ubatizo afundishwe muda wa miaka minne. Kwa hiyo wenye haraka walirudi majumbani kwao, na waliobaki walijua ni njia gani waliyoishika. Mafundisho hayo hayakubebwa na mapadri peke yao, kwa kuwa walikuwa wachache. Makatekista ndio waliokwenda kijiji kwa kijiji.

Katika hao yuko mmoja ambaye ningependa mama huyu, na baba pia, wamjue vizuri: Adriano Atiman. Alizaliwa karibu mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya Mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Akiwa mtoto wa miaka kama kumi alitekwa, akauzwa utumwani na kuvushwa jangwa la Sahara. Wamisionari walimkomboa huko Algeria, wakamsomesha, na baadaye wakampeleka kisiwa cha Malta kujifunza utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, akiwa tabibu na katekista.

Hapo ndipo alipokaa hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: miaka 67. Alioa mke wa huku, na mtoto wao Yosefu akawa padri. Katika miaka hiyo ukanda wa ziwa uliona biashara ya watumwa ikikoma, ukaona ugonjwa wa malale, vita kuu mbili na tawala mbili za kigeni. Na asubuhi kwa asubuhi Atiman alikuwa na wagonjwa mlangoni pake. Mtu aliyekuwa amenyang'anywa ukoo wake wote alikuwa na kila sababu ya kuwachukia wanadamu. Badala yake aliwahudumia watu asiozaliwa kwao, akawafundisha neno la Mungu kwa kinywa na kwa dawa. Uzeeni alipewa nishani, mojawapo ikitoka kwa Papa. Lakini tangu 1889 hadi siku za nishani ni muda mrefu mno kwa mtu anayefanya kazi kwa ajili ya nishani. Leo Karema imo katika Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, na mjini Sumbawanga hospitali ya Kanisa yaitwa kwa jina lake. Walioukamata mwili wake na kuuuza hakuna awakumbukaye kwa majina.

Nimesema hayo ili baba wa kijana asidhani kwamba kazi ya katekista ni kazi ya mtu aliyeshindwa. Wengi husimulia kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Sijui kama kuna kazi inayolitimiza jina hilo zaidi ya kazi ya katekista mwaminifu. Mtoto akifa ghafula kijijini na watu wakaanza kunong'ona juu ya bibi mmoja mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, ni nani atakayekwenda kuketi barazani pake mchana, mbele ya watu wote, akanywa maji katika kikombe chake? Sharti awe mtu ambaye hamwogopi bibi huyo, wala hawaogopi wanaonong'ona. Kikombe hicho ni kidogo, lakini kimo katika ukoo wa kile alichokisema Yesu.

Hata hivyo nisingekuwa mwadilifu kama ningempa kijana haki yote. Baba ana neno. Aliuza ng'ombe wawili. Watoto wanne waliobaki wataka madaftari na viatu. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikufutwa siku ile wana wa Zebedayo walipoacha nyavu, na Yesu mwenyewe aliwalaumu vikali watu waliowanyima wazazi wao msaada kwa kisingizio cha sadaka ya Mungu. Kijana aliyeondoka kazini pasipo kumwambia baba yake alianza ufuasi wake kwa kosa. Hana budi kwenda kumwomba radhi, si kwa sababu ya wito wake, bali kwa namna alivyoufuata.

Kisha ashike jembe. Paulo alishona mahema, wala utume wake haukupungua. Kijana mwenye afya aweza kufundisha dini na bado akalima ulezi na mahindi ya kuwasaidia wadogo zake. Akiona aibu kulima, basi na ajichunguze, maana yamkini alichokikimbia Mbeya si duka bali ni jasho.

Kwa viongozi wa parokia nina neno moja, nao watanisamehe. Maandiko husema waziwazi kwamba mtumishi wa Injili anastahili kula kwa kazi yake. Kuna mahali ambapo katekista husifiwa siku ya sikukuu, na siku zilizobaki watoto wake hulala na njaa. Wanaofanya hivyo wasiite hali hiyo msalaba wa katekista. Msalaba huo wameuchonga wao wenyewe. Kikapu cha mahindi kutoka kila jumuiya, mkono wa msaada wakati wa palizi, karo ya mtoto mmoja: hayo hayahitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Na wewe mama, hukukosea kuomba. Uliomba jambo kubwa kuliko ulivyojua, kama alivyoomba mke wa Zebedayo. Wahenga wetu walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami sioni neno linaloueleza utukufu wa Mungu kwa ufupi zaidi. Mwanao ameanza kuinama. Bado hujui kama ataweza kudumu, wala yeye hajui. Msaidie kujijua: mpe mwaka mmoja wa kufundisha na kulima, kisha yeye, baba yake na paroko wakae pamoja wapime.

Lakini jambo moja lisingoje mwaka. Jioni ya leo usipakue chakula mara mbili. Weka ugali katika sahani moja, mbele ya baba na mwana, nawe uondoke uwaache. Hata kama hawatasemezana leo, mikono yao itakutana sahanini.