Sauti Nayo Ni Matangazo, Jamani!

Wadau, tangu Kenya ihamie dijitali mwaka 2015, sifa zote ni za picha. Sauti je? Hapa Kisii na Nyamira nikibadilisha chaneli, moja inanong'ona, nyingine inafoka. Msilaumu king'amuzi, shida ni mipangilio ya sauti kwenye enkoda. Muungano wa Utangazaji wa Ulaya ulitoa kipimo cha R128 mwaka 2010: LUFS -23. Kifuateni! Tena, kubana stirio ya MPEG Leya II kwenye kilobiti 64 ili picha inenepe ni dhuluma. Msomaji mmoja wa habari anatoshwa na mono. Ekegusii ni lugha ya toni; sauti ikikwaruza, tunabaki kukisia. Habari isiyosikika ni ya nini?