Kwani Gari Hili ni la Nani?



Leo piko na singo vipumzike kidogo. Tuna maneno na mabwana wa yadi za magari, na kwa kuwa tunajua wake zao na dada zao wanatusoma hapa, salamu zitawafika.

Siku hizi bibi harusi wa kisiwani anafikiria gari kama mama zetu walivyokuwa wakifikiria cherehani na kabati la vioo. Anafanya kazi mjini, anakaa Fuoni, kila asubuhi anabanwa kwenye daladala mpaka buibui linapoteza pasi. Anaona mahari yake, akichanganya na akiba ya mshahara, yanatosha kianzio cha IST au Passo, na kilichobaki atalipa mwezi kwa mwezi. Hapo hakuna ubaya. Mahari ni haki yake, Suratun Nisaa imeliweka hilo wazi, na akitaka kuyageuza yawe matairi manne ni shauri lake. Ubaya unaanza akishavuka geti la yadi.

Msimu huu wa harusi, tangu mfunguo mosi, tumewasindikiza wenzetu yadi zaidi ya moja, wawili wawili, watatu watatu. Kitu cha kwanza ni kwamba hawatuoni. Utaitwa "ukhti" kwa sauti ya asali, utapewa maji ya baridi, lakini ukiuliza gari ni la mwaka gani, jibu linakwenda kwa mwanamme aliyesimama nyuma yako. Tumemshuhudia muuzaji akieleza habari za injini kwa kijana wa kidato cha tatu, aliyekuja kwa kuwa mama yake kamlazimisha, na muda wote macho yake yalikuwa kwenye mpira ndani ya simu. Tunakwenda na mahram kwa ajili ya stara, maana kulijaribu gari ni kukaa wawili kwenye chombo kilichofungwa vioo na mtu asiyekuhusu. Hatuendi naye ili awe mnunuzi. Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na mali yake na akiwaajiri wanaume wamfanyie biashara ya misafara. Tunajiuliza, angeingia yadi zenu mngemwambia arudi na mumewe?

Hilo ni la adabu, na adabu hufundishika. La pesa ni zito zaidi.

Muuliza bei hapewi bei. Anaulizwa yeye: "Wewe kwa mwezi unaweza ngapi?" Swali linasikika la huruma, kumbe ndiyo mtego wenyewe. Chukua mfano wa gari ambalo taslimu lingekuwa shilingi milioni 14. Unatoa kianzio milioni 5, unaambiwa ulipe 600,000 kwa miezi 24. Unalalamika ni nyingi. Anasema ngoja nikaongee na bosi, anapotea nusu saa, anarudi na tabasamu: bosi kakubali 520,000. Unamshukuru! Ila sasa ni miezi 30. Piga hesabu kwenye simu yako palepale. Kwa 600,000 ungemaliza gari kwa 19,400,000. Kwa "punguzo" la bosi unamaliza kwa 20,600,000. Umepunguziwa 80,000 kwa mwezi ukaongezewa milioni 1 na laki 2, na maji ya baridi juu.

Hatusemi kuuza kwa bei kubwa zaidi kwa sababu ya kulipwa polepole ni haramu. Wanavyuoni wengi wameruhusu, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, lenye makao Jeddah, lilipitisha hivyo mwaka 1990. Lakini masharti yake ni bei moja inayojulikana na muda unaojulikana, mkiwa mmekubaliana kabla ya kuachana. Mtu anayetoka yadi anajua ya mwezi tu, na jumla ya gari haijui, huyo kanunua nini?

Na hapa ndipo tunapotaka mtusikilize vizuri, maana kuna neno limeingia mjini. Neno ni ijara. Linabandikwa ukutani pamoja na "bila riba", na mteja mwenye hofu ya Mola wake akiliona roho inatulia. Maelezo ni kwamba hununui, unakodi, na mwisho wa kodi gari linakuwa lako. Jambo hilo lipo katika fiqhi na lina jina, ijara yenye kuishia kwenye umiliki. Baraza hilohilo lililijadili mjini Riyadh mwaka 2000 na kuliruhusu kwa masharti. Ukodishaji uwe ukodishaji wa kweli. Mkataba wa kukodi uwe mbali na mkataba wa kumilikisha, kila mmoja kwa wakati wake. Hasara ya chombo iwe juu ya mwenye chombo, isipokuwa mkodishwaji akifanya uzembe au akivuka mipaka. Bima, kama ipo, iwe juu ya mwenye chombo. Matengenezo yasiyokuwa ya matumizi ya kila siku yawe juu yake pia. Yaani petroli na oili ni zako, giaboksi ni la yadi.

Sasa nenda kasome mkataba wanaokupa. Tuliyoisoma sisi ilikuwa hivi: kadi ya gari ina jina la yadi mpaka umalize. Sawa, basi gari ni lao. Bima kubwa unakata wewe, kila mwaka, na gari likiteketea wanaolipwa ni wao. Giaboksi likifa mwezi wa tatu, unatengeneza wewe na awamu unaendelea kulipa. Kwa hiyo gari ni lako? Ukichelewa awamu mbili, wanakuja na ufunguo wa akiba wanalichukua usiku, kwa kuwa ni lao. Na kianzio? Hakirudi.

Mabwana, hamuwezi kuwa mwenye gari linapotembea na kuwa mpita njia linapoharibika. Katika dini yetu faida inafuatana na dhamana. Anayekula matunda ya mti ndiye anayebeba hasara ukianguka. Kama ni ukodishaji, tunakubali kwamba kodi ya miezi iliyopita imekwenda, maana gari tumelitumia. Ila tuambieni ile milioni 5 ya mwanzo ilikuwa kodi ya nini? Na kama ni mauzo, basi gari limeshakuwa la bibi harusi tangu siku mlipopeana mikono, na hamna haki ya kubaki na umiliki mfukoni. Chagueni moja.

Tunajua mtajibu nini, maana mmeshatujibu. Mnasema wateja wanakimbia. Kuna waliolipa miezi minne wakazima simu, gari likaenda kuonekana Bara. Ni kweli, wapo, wanaume na wanawake, na anayekula mali ya mtu kwa njia hiyo atamjibu Mola wake. Lakini sheria haikuwaacha bila kinga. Mnaweza kuuza kwa awamu na kulishika gari lilelile kuwa rahani ya deni. Mnaweza hata kuweka sharti, mteja akiridhia, kwamba akikosa kulipa awamu zote zilizobaki zidaiwe kwa pamoja. Akishindwa kabisa, rahani inauzwa, mnachukua haki yenu, na kinachozidi anarudishiwa. Tofauti yote iko kwenye hicho kinachozidi. Mkataba wenu hauna mstari hata mmoja unaokitaja.

Kisha faini. Elfu kumi kwa kila siku ya kuchelewa, imeandikwa chini kabisa kwa herufi za kusomea na miwani. Deni linaloongezeka kwa sababu mdaiwa kachelewa lina jina la zamani sana, na mmeandika ukutani kwamba halipo.

La aibu za gari tutalipitia haraka, ingawa lina machungu yake. Magari mengi ya mitumba yanayotufikia kutoka Japani yamepitia mnadani kule, na gari la mnada huwa na karatasi yake: daraja la hali ya gari, kilomita lilizotembea, na mchoro wa bodi wenye alama za kila mkwaruzo na kila paneli iliyobadilishwa. Daraja likiandikwa R au RA, aghlabu maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Tukiiomba, tunaambiwa "haikuja na gari". Ajabu kabisa, redio yenye sauti ya mwanamke wa Kijapani inakuja, mwavuli uliosahauliwa chini ya kiti unakuja, karatasi ndiyo inazama baharini. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono kwenye rundo la nafaka akakuta majimaji chini, na akamkemea yule muuzaji kwa kutoyaweka juu watu wakayaona. Rangi mpya juu ya mlango uliobonyea ina tofauti gani na nafaka kavu juu ya mbichi?

Sasa wewe bibi harusi unayetaka kwenda Jumamosi, usiende bila haya.

Usiseme unaweza ngapi kwa mwezi. Sema: "Naomba bei ya taslimu, na jumla ya bei ya awamu, ziandikwe." Akikataa kuandika, ondoka, hata kama kuna "mteja mwingine anakuja saa kumi". Huyo mteja wa saa kumi tumemsubiri mara tatu na bado hajafika. Uliza kama ni mauzo au ni ijara, kisha muoneshe ukurasa wa bima na wa matengenezo, akwambie mwenye gari ni nani. Chukua namba ya chesesi. Zipo huduma mtandaoni zinazotafuta karatasi ya mnada kwa namba hiyo kwa malipo madogo. Fundi mchague wewe, umlipe wewe, asiwe yule anayekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa yadi. Na kabla hujasaini, mpelekee mkataba shekhe unayemuamini, na kama una ndugu wakili mpelekee pia. Ukiambiwa mkataba hautoki nje ya ofisi, na wewe usiingie tena ndani.

Ulizia pia benki. Zipo zenye huduma za Kiislamu hapa kwetu, na katika murabaha benki inalinunua gari kwanza, halafu inakuuzia kwa bei inayotaja faida yake waziwazi. Si lazima iwe rahisi kuliko yadi, na foleni zao tunazijua, lakini utasoma namba moja ya mwisho.

Jambo la mwisho, na hili wauzaji walisikie pia. Aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Na ndani yake anayeamrishwa kutamka maneno yaandikwe ni yule mwenye kudaiwa. Yadi inakuja na karatasi iliyokwisha kuchapwa, imeacha nafasi ya jina na saini tu. Tunayo kalamu mikobani. Tukija, tuachieni na nafasi pembeni ya kuandika.