Kupakia notisi mtandaoni siyo kufundisha

Wadau, hebu tuliseme hili wazi. Kumtumia mwanafunzi wa Nkwenda faili la kurasa 80 siyo elimu ya mtandao. Ni fotokopi iliyopitia kwenye intaneti, na bando kalipa yeye.

Mwaka 2005 Mkanada George Siemens alileta nadharia aliyoiita konektivizimu. Kwa kifupi, anasema maarifa hayakai kichwani mwa mtu mmoja. Yamesambaa kati ya watu na vyanzo, na kujifunza ni kuviunganisha na kujua kipi cha kuamini. Mwaka 2008 yeye na Stephen Downes wakaijaribu Chuo Kikuu cha Manitoba: wanafunzi kama 25 walilipa ada, wengine zaidi ya 2,000 wakajiunga bure, wakisoma kwa kuandikiana na kubishana.

Sasa tuje Karagwe na Kyerwa. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera miaka ya 2000, kukariri jina la bakteria hakukumsaidia mkulima. Alihitaji kujua kwamba panga lililokata mgomba mgonjwa lipitishwe motoni kabla ya kugusa mzima, na ua dume liondolewe kwa kijiti chenye panda. Tena akijua peke yake haitoshi; jirani asipojua, ugonjwa unarudi. Redio ya jamii FADECO, kule Karagwe, imekuwa ikipokea maswali ya wakulima kwa simu na ujumbe mfupi. Hapo anayesikiliza anafaidika na swali la mwenzake. Hiyo ndiyo konektivizimu, hata kama hakuna aliyeiita hivyo.

Kwa nini basi mwalimu wa Kyerwa anayejiendeleza kwa masafa asome kama mfungwa? Vyuo viwaunganishe wanafunzi wa wilaya moja. Waleta tatizo la kazini wapewe nafasi, na anayemjibu mwenzake vizuri apate maksi. Itumike sauti na ujumbe mfupi, siyo video zinazomaliza bando.

Najua mtasema magrupu yanasambaza uongo. Kweli kabisa! Ndiyo maana mwalimu bado anahitajika: afundishe kuhakiki, siyo kumwaga notisi. Na asiye na simu janja asisahaulike, la sivyo tutakuwa tumeunganisha walioungana tayari.

Ada tunalipa, bando tunanunua. Tudai na watu wa kusoma nao.

Naomba kuwasilisha.