Friji Inapogandisha Nyanya
Je, umefungua friji ukakuta nyanya zimekuwa mawe na maziwa yana barafu? Usikimbilie fundi.

Kwanza tazama kile kidude cha kuzungusha chenye nambari. Katika friji nyingi, nambari ikipanda baridi nayo huzidi. Teremsha nambari moja, kisha tia kipimajoto ndani ya gilasi ya maji kwenye rafu ya katikati. Kisome kesho yake: nyuzi 3 hadi 5 za sentigredi zatosha. Vyakula navyo visigusane na ukuta wa nyuma, kwani huko baridi ni kali.

Ukizungusha hadi sufuri na mashine ingali inanguruma, basi themostati, kile kifaa kinachoiamuru ipumzike, imekwama. Hapo mwite fundi.

Lakini iwapo nyumbani mna mgonjwa wa kisukari, usicheleweshe jambo hili. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na friza. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Itupe, ukatafute nyingine. Nyanya zilizoganda bado zafaa mchuzini. Insulini iliyoganda haifai popote.