Uso wa Mwenzio si Tiketi ya Shindano



Leo hatuzungumzii lesi wala shanga. Tuna jambo limetukaa rohoni tangu mteja wetu mmoja alipoingia dukani na simu mkononi, analia. Binti huyu tulimshonea shela mwaka jana. Siku ya kujaribu, joto kali, umeme hakuna, tukafungua mlango wa uchochoroni upepo uingie. Yeye amesimama mbele ya kioo, ushungi umevuliwa, nywele wazi. Sisi tuko chini na pini mdomoni, tunapandisha pindo. Mgeni akapita na kamera, wala hatukumwona. Tulichokuja kukiona miezi baadaye ni ile picha, imeingizwa kwenye shindano la picha za safari huko Ulaya, la watu wanaopiga kwa mapenzi tu, si kwa kazi. Chini yake pameandikwa kwamba hii ndiyo siri ya Zanzibar. Siri gani hiyo iliyoanikwa kwa dunia nzima? Mawifi zake waliiona kabla yake.

Wapo watakaosema kosa letu, tuliacha mlango wazi. Tunakubali, na siku hizi pale pana pazia zito. Lakini mlango wazi si mwaliko. Sura ya An-Nur, aya ya 27, inatufunza tusiingie nyumba isiyo yetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Mtoto wa chuoni analijua hili. Na kamera inaingia ndani kuliko mguu, maana mguu ukitoka umetoka, picha inabaki.

Wengine wanasema picha zinatangaza kisiwa, watalii wanakuja, na nyinyi mafundi mnauza. Ni kweli tunauza, madera na vipochi vyetu vya kanga wananunua wageni hao hao. Hatuna ugomvi na utalii. Lakini kisiwa hiki kina milango ya kuchonga, kina majahazi, kina kima punju wa Jozani, na Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000. Mbona picha ya kushindania lazima awe mwanamke aliyeinama? Nendeni Paje au Jambiani maji yakitoka, mtaona. Kina mama wako kwenye mwani, nguo zimelowa zimewashika mwilini, na mtu amesimama ufukweni na lenzi ndefu kama bomba. Yule mama anafunga mwani kwenye kamba, aungoje ukue, auvune, auanike, ndipo aupime kwa kilo kwa bei asiyoipanga yeye. Picha yake ikishinda, zawadi anachukua aliyebonyeza. Yeye hata hajui kwamba alishindanishwa.

Mnaikumbuka ile picha ya msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani? Steve McCurry, Mmarekani, aliipiga mwaka 1984 kwenye kambi ya wakimbizi Pakistan, na Juni 1985 ikawa jalada la National Geographic. Dunia nzima ikamjua kwa macho, jina lake hakuna aliyelijua. Alipotafutwa na kupatikana mwaka 2002, Sharbat Gula alikuwa mke wa mtu na mama wa watoto, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuionyeshwa picha yake. Miaka 17! Mpigaji yule alikuwa mtu wa kazi, sawa, lakini ndiye anayeigwa na kila mwenye kamera mpya: uso mmoja, mtandio, macho yanayokutazama. Uzuri wa picha hatuupingi. Tunauliza tu, mwenye uso aliulizwa nini?

Na sisi tusijifanye malaika. Tulikwenda Pemba kupeleka nguo za harusi, na pale Wete mwenzetu akampiga picha bibi mmoja barazani anasuka ukili. Jua la alasiri, makunyanzi, vidole vinakwenda mbio. Masha Allah, ilitoka nzuri, nasi tukaona tangazo la shindano la picha za safari tukasema kwa nini wageni tu, na sisi tunasafiri. Tukajaza fomu. Mwisho kabisa pana vijisanduku viwili vya kutia tiki. Kimoja kinasema picha itabaki yetu, lakini waandaaji wataitumia kwenye matangazo yao bila kulipa. Cha pili kinasema tunathibitisha kwamba kila mtu anayetambulika katika picha ameridhia.

Kidole kiliganda. Shoga yetu mmoja akasema, "Tieni tu, kila mtu anatia." Ndiyo, na hapo ndipo penye ubaya. Tiki ile ni ushahidi, na ushahidi wa uongo tunajua uzito wake kwa Mola wetu. Tukampigia mwenyeji wetu, akampelekea bibi simu. Bibi akauliza, "Itatazamwa na nani?" Tukamwambia na yeyote anayetaka. Akacheka, akasema, "Mikono chukueni, uso wangu niachieni." Tulikuwa nayo moja ya mikono na ukili peke yake. Hiyo ndiyo tuliyoituma.

Kwa hiyo asituambie mtu kwamba kuomba ruhusa kunaua picha. Ilituchukua simu moja.

Tumewasema wageni, lakini wa kwetu wanatuudhi zaidi. Mgeni alipita uchochoroni. Wewe umealikwa kwenye kesha la wanawake watupu, umekula biriani ya watu, kisha unamrekodi bibi harusi na piko yake mabega wazi, unatuma! Na wapo wapigapicha wa harusi wanaochagua bibi harusi aliyependeza wakampeleka shindanoni bila kumwambia. Bibi harusi, kabla hujatoa pesa ya awali, mwandikishe mpigapicha wako kwamba picha hazitaingia shindano wala tangazo lolote bila idhini yako kwa maandishi. Akikataa kuandika, tafuta mwingine, tena ikiwezekana mwanamke. Wapo, na wanajua kazi.

Kuhusu mteja wetu, tuliwaandikia waandaaji kwa Kiingereza chetu cha sekondari, mara mbili. Barua ya kwanza haikujibiwa. Baada ya ya pili waliitoa picha kwenye ukurasa wao, wakasema wanasikitika, lakini zilizokwisha kutumwa kwenye simu za watu hawana la kufanya. Ndoa ilifungwa, alhamdulillahi, kwa nguo nyengine ya kuazima. Shela letu hakulivaa. Alilirudisha, hakutaka hata pesa, na bado limetundikwa hapa dukani ndani ya mfuko wake.